Dogo Aliyekatwa Pembeni: Farasi Ana Jina, Mtu Je?

Leo sina umbea wa staa yeyote. Nimekuja na stori ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita mastaa, na wengine hata majina yao hayakuandikwa. Najua ukisikia neno historia unataka kupita kama umeona trafiki na leseni yako imeisha. Tulia kwanza, hii imeanzia kwangu mwenyewe.

Mwaka jana mambo yalikuwa magumu, nikawa nashinda ofisini kwa jamaa yangu mmoja, fundi wa fremu. Nikisema ofisi usifikirie kiyoyozi. Ni banda la mabati, mbao huku, vioo kule, maranda kila kona. Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo, kushika mbao na kupeleka mzigo kwa wateja. Siku moja akaja mzee mmoja na gari safi, kabeba picha imeviringishwa kama mkeka. Tukaikunjua mezani. Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta: farasi wa kahawia anang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi, nyuma yake nyasi na mawingu mazito. Pembeni kabisa amesimama kijana mwembamba na koti la kizamani, kashika kamba ya farasi. Mzee akatuambia mwanawe kamletea kutoka China. Ni nakala ya picha ya zamani ya mbio za farasi za Uingereza, imechorwa kwa mkono, siyo ya mashine.

Tatizo likawa moja tu. Fremu aliyokuja nayo, nzuri ya rangi ya dhahabu, ilikuwa fupi kuliko picha. Fundi akamwambia, "Mzee wangu, nikutengenezee nyingine inayoenea." Mzee akakataa. Akaitazama picha kidogo, akaweka kidole juu ya yule kijana. "Kata hapa. Mimi nataka farasi. Huyu wa nini?"

Fundi akanigeukia. "Dogo, kandamiza rula isicheze."

Nikakandamiza. Kisu kikapita, na kikapita juu ya kifundo cha mkono wa yule kijana. Kwa hiyo farasi akaondoka na kiganja cha mtu kimeng'ang'ania kamba, bila mwenye kiganja. Mzee hakuona, au aliona hakujali. Akalipa, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki na kipande cha kanvasi, upana wake kama viganja viwili, kina kijana asiye na mkono.

Usiku ule nilimaliza bando langu lote kusoma habari za picha hizi. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Picha ya farasi ilikuwa kama kuposti gari

Jina la kwanza kulijua ni George Stubbs. Alizaliwa Liverpool mwaka 1724, baba yake alikuwa fundi wa kusindika ngozi. Hakuwa mtoto wa kishua. Miaka ya 1750 alijifungia kwenye nyumba ya shamba, kijiji cha Horkstow, kama miezi 18 hivi, anapasua mizoga ya farasi. Anautundika mzoga kama bado umesimama, anachuna ngozi, anachora misuli, anaondoa hiyo misuli, anachora iliyo chini yake, mpaka afike kwenye mfupa. Mwanamke aliyeishi naye, Mary Spencer, alikuwa humo humo ndani anamsaidia. Hebu fikiria harufu! Mwaka 1766 akatoa kitabu cha maumbile ya farasi, na mpaka leo kinaheshimika.

Kwa nini ajitese hivyo? Kwa sababu soko lilikuwepo. Matajiri wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa wagonjwa wa mbio za farasi. Ardhi ya urithi, muda wa kupoteza, na kamari juu yake. Kamera bado haijazaliwa. Kwa hiyo farasi wako akishinda, unamwita mchoraji aje akuwekee ushahidi ukutani, ili kila mgeni akiingia sebuleni ajue wewe ni nani. Ni kama leo mtu anavyonunua gari na kabla hata ya kulijaza mafuta limeshapostiwa.

Picha ya Stubbs inayojulikana sana inaitwa Whistlejacket, aliichora mwaka 1762 hivi kwa ajili ya bwana mkubwa mmoja, Marquess wa Rockingham. Urefu wake unakaribia mita 3. Hakuna nyasi, hakuna anga, hakuna mtu. Farasi peke yake kasimamia miguu ya nyuma. Mwaka 1997 jumba la National Gallery la London liliinunua kwa pauni milioni 11. Na hii ni kati ya picha za farasi zinazonakiliwa sana duniani. Nadhani sababu ni rahisi: farasi mtupu anaingia sebule yoyote bila maswali.

Lakini nyingi ya picha za Stubbs zina watu. Na hapo ndipo stori yangu inapoanza.

Soma jina la picha

Mwaka 1765 alichora farasi mdogo wa kijivu aitwaye Gimcrack. Mwaka 2011 picha hiyo iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 22.4. Ni pesa ndefu. Sasa soma jina la picha yenyewe, nakupa kwa Kiswahili: Gimcrack kwenye uwanda wa Newmarket, pamoja na mkufunzi, kijana wa banda na mpanda farasi.

Umeona? Farasi katajwa jina. Uwanja umetajwa jina. Watu watatu wametajwa kazi zao tu. Ni kama mtu aposti picha ya harusi aandike: "Benzi jipya hapa Masaki, pamoja na bwana, bibi na dereva."

Na ukiitazama picha utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwa mbali, Gimcrack anashinda, wenzake wameachwa nyuma kabisa. Kwa karibu, Gimcrack huyo huyo kasimama kwenye kibanda cha kufutia jasho, watu wake wanamhudumia. Yaani Stubbs alijua ushindi unatoka wapi. Akaweka shangwe mbali na kazi karibu.

Picha nyingine ni ya Hambletonian. Tarehe 25 Machi 1799, pale Newmarket, farasi huyu alishindana na mwenzake Diamond, wawili tu, kwa dau la gini 3,000. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja juu. Mbio zilizidi kilomita 6. Hambletonian alishinda kwa nusu shingo, na walimchapa viboko na kumchoma kwa spea za buti mpaka mstari wa mwisho. Mwenye farasi, Sir Henry Vane-Tempest, akamwita Stubbs achore sifa zake.

Stubbs alikuwa na miaka 75 na kitu. Akachora picha kubwa, upana zaidi ya mita tatu na nusu. Hakuchora shangwe. Alichora farasi aliyechoka, mdomo wazi, anafutwa jasho baada ya kazi, na pembeni yake mkufunzi na kijana wa banda. Wote wawili wanakutazama usoni, hawacheki. Kijana mkono wake uko juu ya farasi, kama unavyomwekea rafiki yako mkono begani akiwa amefiwa. Bosi mwenye farasi hayupo kwenye picha. Jina la picha linamtaja Hambletonian. Yule kijana halimtaji.

Na unajua bosi alifanya nini? Hakutaka kulipa. Stubbs, mzee wa umri ule, ikabidi ampeleke mahakamani adai hela yake. Akashinda kesi. Leo picha iko Mount Stewart, Ireland ya Kaskazini, na jina la Vane-Tempest tunalikumbuka kwa mambo mawili: farasi na deni.

"Harry wa Viley"

Mchezo huu ulivuka bahari ukaingia Marekani. Huko wachungaji, wakufunzi na wapanda farasi wa majimbo ya kusini, wengi walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Farasi ni mali ya bosi, na anayemfundisha farasi naye ni mali ya bosi.

Mchoraji mkubwa wa farasi kule aliitwa Edward Troye, mzaliwa wa Uswisi. Miaka ya 1830 alichora farasi mmoja wa Kentucky aitwaye Richard Singleton. Naam, farasi ana jina la kwanza na la ukoo, kama mbunge. Pembeni yake wamesimama watu watatu weusi, na majina yao tunayo: Harry, Charles na Lew. Mmoja mkufunzi, mmoja mtunza farasi, mmoja mpandaji. Picha iko kwenye makumbusho ya Virginia Museum of Fine Arts. Huyo mkufunzi anaitwa "Harry wa Viley."

Sasa sisi Waswahili tukisikia "Harry wa Viley" tunadhani Viley ni baba yake. Kama kusema Juma wa Mzee Athumani, yule kijana wa nyumba ya pili. Hapana, ndugu yangu. Hiyo "wa" siyo ya mtoto kwa mzazi. Ni ya mali kwa mwenye mali. Kapteni Viley ana farasi, ana tandiko, ana Harry. Niliposoma hapo nilizima simu kidogo nikakaa.

Mwaka 1864, vita vya Marekani vya wao kwa wao bado vinawaka, Troye alichora farasi mwingine aitwaye Asteroid, ambaye hakuwahi kushindwa maisha yake yote. Kwenye picha yumo mkufunzi Ansel Williamson na kijana mpanda farasi, Edward Brown, ambaye walimpa jina la utani Brown Dick, kwa sababu alikuwa na mbio kama farasi fulani mwenye jina hilo. Yaani mtoto wa watu kapewa jina la farasi. Wote wawili walikuwa watumwa.

Ngoja sasa uone. Mwaka 1875 yalifanyika mashindano ya kwanza kabisa ya Kentucky Derby, ambayo mpaka leo ndiyo mbio kubwa za Marekani. Farasi walikuwa 15, na wapandaji 13 kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda ni farasi Aristides, mpandaji wake Oliver Lewis, mtu mweusi. Na mkufunzi wa Aristides? Ansel Williamson. Yule yule wa kwenye picha, sasa mtu huru. Miaka miwili baadaye, mwaka 1877, Derby ilichukuliwa na farasi Baden-Baden. Mkufunzi wake? Edward Brown. Dogo wa kwenye picha.

Katika Derby 28 za mwanzo, 15 zilishindwa na wapandaji weusi. Isaac Murphy peke yake alichukua tatu: 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield akachukua mbili mfululizo, 1901 na 1902. Baada ya Winkfield, kimya. Wakawekewa vikwazo, wakabanwa makusudi uwanjani na wapandaji weupe, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Winkfield mwenyewe akaenda kutafuta riziki Urusi.

Kwa hiyo ukichukua picha ya Asteroid ukasema "niwekee farasi tu", hujapunguza ukubwa wa picha tu. Umemkata mtu aliyeshinda Derby ya kwanza.

Nakala na mikono isiyo na saini

Wengine wanadhani kunakili picha ni ujanja wa Wachina wa juzi. Siyo kweli. Stubbs mwenyewe alimchora Gimcrack mara mbili. Toleo la pili wako nalo Jockey Club pale Newmarket. Na miaka ya 1790 alipopata kazi ya kuchora mfululizo wa farasi maarufu wa mbio, mmoja wao, Godolphin Arabian, alikuwa ameshakufa tangu 1753. Huyu ni mmoja wa madume watatu kutoka Mashariki ambao farasi wote wa damu ya mbio wa leo wanatokana nao kwa upande wa baba. Stubbs akafanya nini? Akatafuta picha ya mchoraji aliyemtangulia, akachora kutoka pale. Hata Edgar Degas, Mfaransa aliyekuja kuchora wapanda farasi wengi sana, mwaka 1853 alijiandikisha rasmi Louvre kama mnakili, bado kijana mdogo. Kunakili ndiyo ilikuwa shule.

Kisha ikawa biashara. New York, karne ya 19, kulikuwa na kampuni ya Currier & Ives. Walikuwa wanachapa picha kwa kutumia jiwe, zinatoka nyeusi na nyeupe, halafu zinapakwa rangi kwa mkono. Farasi wa mbio walikuwa kati ya bidhaa zao kubwa. Nani alipaka? Wanawake, wengi wahamiaji kutoka Ujerumani, wamekaa kwenye meza ndefu. Wa kwanza anapaka buluu ya anga, anasukuma. Wa pili kijani cha nyasi, anasukuma. Wa tatu kahawia ya farasi, anasukuma. Picha ndogo iliuzwa kwa senti chache, ikaenda kwenye nyumba, baa na vinyozi Marekani nzima. Jina la kampuni liko chini ya kila picha. Jina la mwanamke aliyepaka farasi haliko hata kwenye moja.

Na kampuni hiyo hiyo, miaka ya 1880, ikatoa mfululizo wa picha za kuwakejeli Wamarekani weusi, wakiwa wamechorwa kama wajinga wasioweza jambo, na masuala ya mbio za farasi yalikuwemo. Kumbuka miaka hiyo ndiyo Isaac Murphy anachukua Derby. Uwanjani bingwa ni mtu mweusi, ukutani kachorwa kichekesho. Na picha za kejeli ziliuzwa kwa wingi kuliko picha moja ya mafuta ya Troye iliyokuwa nyumbani kwa tajiri mmoja. Ndiyo maana nasema nakala siyo jambo dogo. Watu wengi hawaoni picha halisi. Wanaona nakala. Kwa hiyo nakala ndiyo inaamua nani akumbukwe na kwa namna gani.

Leo zinachorwa wapi

Yule mzee alisema picha yake imetoka China, na inaelekea kabisa. Kuna kijiji kinaitwa Dafen, ndani ya jiji la Shenzhen. Mwaka 1989 mfanyabiashara wa Hong Kong aitwaye Huang Jiang alihamia pale na kikundi kidogo cha wachoraji, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na Hong Kong ni pua na mdomo. Miaka ya 2000 walishakuwa maelfu. Wengi ni vijana waliotoka vijijini. Wanalipwa kwa picha, siyo kwa saa. Van Gogh ndiye anayewalisha zaidi, lakini ukitaka farasi wa Stubbs au wapandaji wa Degas, vinachorwa. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulipoyumba, oda za Ulaya na Marekani zikapungua, wengi wakahamia kwenye soko la ndani na wengine wakaanza kuchora kazi zao wenyewe.

Kazi inafanyika hivi. Mchoraji anapata picha ya picha, ya karatasi au ya kwenye kioo. Anaigawa kwa miraba, anagawa na kanvasi kwa miraba ile ile, kisha anahamisha mstari mraba kwa mraba. Wengine wanatumia projekta. Anaweka rangi nyembamba ya chini, mara nyingi ya udongo, kupanga giza na mwanga. Halafu anajenga juu yake, tabaka kwa tabaka. Rangi ya mafuta haikauki kama ya maji, tabaka moja linaweza kutaka siku kadhaa. Ngozi ya farasi ndiyo mtihani, kwa sababu mng'ao wake ni rangi nyingi ndogo ndogo, siyo kahawia moja. Oda ikiwa kubwa wanagawana: huyu mawingu, yule miti, fundi zaidi anamalizia macho. Umeona? Meza ya wanawake wa New York imehamia Shenzhen.

Na mnakili anabeba hata kosa la mwenzake. Louvre kuna picha ya Théodore Géricault ya Derby ya Epsom ya mwaka 1821. Farasi wote wamenyoosha miguu minne kwa pamoja, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, wanapaa kama ndege. Inapendeza kweli. Lakini farasi hakimbii hivyo. Mwaka 1878 kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi mstari mmoja, akaonyesha kuwa farasi anayekimbia kasi, miguu yake yote ikiachana na ardhi, inakuwa imekunjwa chini ya tumbo. Hata hivyo ukiagiza nakala ya Géricault leo, farasi watakuja wamenyoosha miguu vile vile. Hakuna anayethubutu kurekebisha miguu ya farasi. Ila mtu pembeni anafutwa, anakatwa, na hakuna anayeona kuwa picha imeharibika. Hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Hapa kwetu wachoraji wa Tingatinga nao wanarudia twiga na tembo wale wale tangu mzee Edward Tingatinga aanzishe mtindo miaka ya 1960. Lakini angalia chini ya picha: mchoraji ameweka jina lake, hata kama mtindo una jina la mwingine. Ni kitu kidogo, lakini kina maana.

Ukitaka kununua

Najua kuna wadau wameshaanza kutamani, kwa hiyo chukua haya machache.

Kunakili picha za hawa mabwana siyo kosa. Stubbs, Géricault na Degas walishakufa siku nyingi, haki zao za kunakili zimekwisha. Kosa ni kuuza nakala ukidai ni picha halisi.

Kama muuzaji anasema imechorwa kwa mkono, iinamishe kwenye mwanga uitazame kwa ubavu. Rangi ya mkono ina vilima na njia za brashi, na vinafuata umbo la kitu. Ya mashine ni bapa, au imepakwa gundi juu kuigiza brashi, na mikwaruzo ya gundi haifuati umbo la farasi. Ukisogeza kamera ya simu karibu kabisa utaona vidoti vidogo vya wino. Geuza na nyuma: kanvasi, misumari na harufu vinasema mengi.

Usiiweke jua likapiga moja kwa moja, wala juu ya jiko. Na usiifute kwa kitambaa chenye maji.

La mwisho, na ndilo muhimu: agiza picha nzima. Pima ukuta kwanza, halafu picha, halafu fremu. Usianze na fremu. Fremu ikiwa ndogo, badilisha fremu. Mbao zinapatikana.

Yule dogo yuko wapi

Nilimwomba jamaa yangu vipande vya mbao vilivyobaki, akanitengenezea fremu nyembamba na ndefu kama mlango wa kabati. Dogo yuko chumbani kwangu sasa, juu ya ndoo ya maji. Koti lake, uso wake mwembamba, mkono unaishia kwenye kifundo. Watu wakija wananiuliza, "Huyu nani? Mbona hana mkono?" Nawaambia mkono wake uko sebuleni kwa mzee mmoja, bado umeshika farasi wa watu.

Halafu nawaambia na sehemu ya pili, ambayo siipendi: rula niliishika mimi. Nilikuwa nataka hela ya siku, sikusema neno. Ningeweza kusema, "Mzee wangu, huyu ndiye aliyemuogesha huyo farasi asubuhi." Labda angenicheka. Labda angekata tu. Lakini angekata akiwa anajua.

Haya, uwanja ni wenu wadau. Niambieni kwenye maoni hapo chini: kwenye picha za ukoo wenu zilizoko ukutani, kuna mtu mmoja pembeni ambaye hakuna anayejua jina lake? Msichana wa kazi, dereva, fundi aliyejenga nyumba? Muulize bibi leo kabla hajasahau. Ukilipata jina, liandike nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino.